Furu wanapigana kwenye tangi: mtambue kwanza, ndipo utibu

Hapa Mwanza furu, samaki mdogo wa Ziwa Victoria, hatafutwi mbali. Watoto wanamvua kwa ndoana kwenye miamba ya Capri Point na Igombe, na wavuvi wa sangara wanamtumia kama chambo. Kumtunza kwenye tangi la kioo ndiyo kazi, na malalamiko ninayoyasikia kila mara ni yaleyale: niliweka sita wamebaki wawili, wote wamegeuka kijivu, mmoja hataki wenzake wale, jike ameacha kula.

Watu wengi wanakimbilia dawa. Kwa maoni yangu ugomvi mwingi wa furu hauhusiani na ugonjwa hata kidogo. Unatokana na mfugaji kutojua aliowaweka: madume wawili wanaofanana rangi ndani ya tangi moja, au majike wa aina mbili waliodhaniwa ni ndugu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na utambuzi.

Kabla ya kufungua tatizo lolote, uwe na tochi ya mwanga mweupe, simu yenye kamera, kipimajoto, na vipimo vya maji vya amonia na nitriti (sumu zinazotokana na uchafu wa samaki) na pH (kiwango cha uchachu wa maji). Uwe pia na kipande cha plastiki ngumu kilichotobolewa matundu, kinachoweza kuligawa tangi pande mbili. Kipande hicho kinaokoa samaki wengi kuliko chupa yoyote ya dawa.

Dalili: wote wanafanana, siwezi kuwatofautisha

Sababu ya kawaida kabisa ni kwamba wengi wao ni majike au ni wadogo. Furu wengi wa miambani wenye umbo linalofanana wanatofautishwa zaidi kwa rangi za madume. Chukua aina mbili zinazojulikana sana kwetu, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huyu wa pili aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Dume wa nyererei ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye milia myeusi, na kifua cheusi. Dume wa pundamilia ana mwili wa kijivu-buluu unaokaribia weusi, na pezi la mgongo la buluu inayong'aa. Majike wao sasa: wote ni wa njano iliyofifia au kijivu, wenye milia hafifu, na hata waliowazoea wanababaika.

Sababu ya pili ni hofu. Dume aliyeshindwa huficha rangi zake ndani ya dakika chache na kujifanya jike ili asipigwe. Kwa hiyo usihukumu siku ulipomleta, wala mara tu baada ya kubadilisha maji. Mpe wiki moja, kisha mpige picha asubuhi kabla hujamlisha, tangi likiwa limetulia.

Sababu ya tatu watu hawaifikirii kabisa: taa. Matangi mengi yanauzwa na taa za buluu au zambarau kwa sababu zinapendeza sebuleni. Chini ya mwanga huo wekundu wa nyererei unapotea, na si kwako tu. Watafiti wa Uholanzi waliofanya kazi Ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977 na wanafunzi wao waliofuata walionyesha kwamba majike hawa wanamchagua dume kwa rangi. Wakiwekwa kwenye mwanga wa rangi ya chungwa unaofuta tofauti hiyo, wanapandana bila kubagua. Ziwani pia ni hivyo. Kisiwa cha Makobe, kwenye maji maangavu, aina hizi mbili zinatofautika wazi. Kusini mwa ghuba, upande wa Luanso, ambako maji ni machafu, mpaka kati yao unafifia. Weka taa nyeupe.

Ukaguzi wenyewe anza na pezi la chini lililo karibu na mkia, nyuma ya tundu la haja. Dume aliyekomaa ana madoa ya njano au rangi ya chungwa yanayofanana na mayai, yenye ukingo unaoonekana vizuri. Jike hana, au anayo yaliyofifia yasiyo na ukingo. Halafu tazama kichwa. Kichwa kilichoteremka ghafla, mdomo mdogo ulioelekea chini, na samaki anakwangua ukijani kwenye mawe siku nzima: huyo huenda ni wa kundi la Neochromis, ambaye dume wake wa buluu anachanganywa sana na pundamilia. Mwili wa kijani-njano na safu za madoa mengi madogo kwenye pezi hilo la chini, kwa dume na jike vilevile: huyo ni Astatoreochromis alluaudi, mla konokono, anayekua mkubwa kuliko furu wengi wa miambani. Na ukinunua dukani samaki wa njano mwenye milia mipana myeusi ukaambiwa ni furu wa Victoria, mara nyingi ni Astatotilapia latifasciata. Asili yake ni upande wa Kyoga, Uganda.

Kama baada ya yote hayo bado hujui, andika kwenye daftari lako "furu, aina haijulikani" na usimuuze kwa jina la kubahatisha.

Dalili: mmoja anawafukuza wote

Hili ndilo tatizo kubwa, kwa hiyo tutakaa hapa.

Kinachosababisha mara nyingi zaidi ni madume wawili au zaidi wanaofanana. Dume wa furu anamwona adui kwa rangi. Mwekundu anamkabili mwekundu mwenzake kwa ukali zaidi kuliko anavyomkabili wa buluu, na wa buluu naye anamwandama wa buluu. Ndiyo sababu ushauri wa "weka wa aina moja watazoeana" unaua samaki. Na ukiweka mwekundu na wa buluu pamoja usitegemee usawa: kwenye majaribio ya maabara, chini ya mwanga mweupe, mwekundu ndiye aliyeshinda mara nyingi zaidi.

Cha kwanza kukagua ni hesabu. Kaa mbele ya tangi robo saa bila kusogea, uhesabu madume kwa kutumia lile pezi la chini. Kumbuka kuwahesabu na waliojificha rangi. Ukimwona "jike" wa kijivu anayepigwa kuliko wengine wote, mwangalie vizuri. Huenda ni dume aliyefichwa na hofu. Lengo ni dume mmoja kwa majike watatu hadi watano wa aina yake. Wakiwa majike wachache, dume mmoja anamsumbua jike yuleyule mpaka anakufa kwa uchovu, hata bila jeraha.

Sababu ya pili ni tangi fupi. Urefu una maana kuliko kina, kwa sababu samaki anayefukuzwa anahitaji mahali pa kukimbilia nje ya macho ya mkali. Kundi la furu wa miambani linahitaji tangi lenye urefu wa sentimita 120 au zaidi, lenye lita 200 au zaidi. Tangi la sentimita 60 linamfaa dume mmoja na majike wachache wa aina ndogo, na hata hapo utakesha ukiangalia.

Ya tatu ni mpangilio wa mawe. Hapa Mwanza tumebarikiwa: graniti ya miamba yetu haibadilishi maji, na ipo kila mahali. Osha mawe kwa brashi na maji bila sabuni. Yasimamishe kwenye sakafu ya kioo kabla ya kuweka mchanga, ili samaki wakichimba mawe yasianguke. Yapange marundo mawili au matatu yaliyotengana, yafike karibu na uso wa maji, ili samaki aliye upande huu asimwone aliye upande ule. Rundo moja katikati linampa mkali ikulu, na wengine wote wanabaki uwanjani.

Ukishahesabu na kupanga, marekebisho yafuate ngazi hii. Kwanza hamisha mawe yote kwa siku moja, maana mipaka ya zamani ikifutika kila mmoja anaanza upya. Wakiwa bado wanapigana, mtoe mkali, wala si anayepigwa. Mweke kwenye ndoo yenye pampu ya hewa au nyuma ya ile plastiki yenye matundu kwa siku tatu hadi tano. Akirudi anawakuta wenzake wamejipanga, naye ndiye mgeni. Ukimtoa aliyepigwa, mkali anabaki na eneo lake na siku inayofuata anachagua mwingine. Ngazi ya mwisho ni kumwondoa moja kwa moja mmoja wa madume wanaofanana. Inauma, hasa kama ndiye mzuri kuliko wote, lakini hakuna mpangilio wa mawe utakaowapatanisha nyererei wawili kwenye tangi fupi.

Wapo wanaojaza samaki wengi makusudi ili hasira isimlenge mmoja. Njia hiyo inafanya kazi, ila inataka chujio lenye nguvu na kubadilisha maji mara mbili kwa wiki. Kwa mtu ambaye umeme unamkatikia mara kwa mara, siishauri.

Madume wawili wakishikana midomo na kusukumana kwa dakika chache, waache, wanapimana nguvu. Tenganisha pale mmoja anapokimbia na mwingine haachi kumfuata, au unapoona magamba yanaelea.

Dalili: mapezi yamechanika, mwili una madoa meupe ya jeraha

Mara nyingi ni meno ya wenzake. Jeraha la kuumwa lina ukingo safi, na pezi limepasuka kwa mistari iliyonyooka. Kuoza kwa pezi kunaonekana tofauti: ukingo ni mweupe au mwekundu, unalika taratibu kutoka nje kuingia ndani, na hauponi ukimtenga.

Mtenge, badilisha theluthi moja ya maji, subiri siku tatu. Jeraha la kuumwa linaanza kuziba lenyewe kwenye maji masafi. Chumvi ya mawe isiyoongezwa kitu, gramu 1 kwa kila lita kwenye tangi la kutengea, inasaidia. Utando mweupe kama pamba ukitokea juu ya jeraha, au vidonda vikawa vyekundu katikati, simama hapo, ita mtu anayejua. Usimwagie tangi vidonge vya binadamu vya kuua vijidudu. Vinaua bakteria wazuri wa chujio, na kesho yake unakuwa na tatizo la amonia juu ya lile la kwanza.

Dalili: wanahema juu ya maji

Uliza swali moja kabla ya mengine: ni mmoja au ni wote?

Akiwa mmoja, amejibana kwenye kona ya juu nyuma ya bomba la pampu, na wengine wanaogelea kawaida, huyo anapigwa. Rudi kwenye sehemu ya mmoja anayewafukuza wote.

Wakiwa wote, tatizo ni maji. Linaloongoza ni umeme kukatika: pampu inasimama, hewa inapungua, na kwenye chujio bakteria wanaanza kufa baada ya saa chache. Usilishe wakati umeme haupo. Chota maji kwa jagi na kuyamwaga tena kutoka juu kila baada ya dakika kumi, au nunua pampu ndogo ya betri. Chujio lililofungwa likikaa saa nyingi bila umeme, lisuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuliwasha, maana maji yaliyolala ndani yake yameshaoza.

Linalofuata ni tangi jipya. Bakteria wa kusafisha amonia wanahitaji wiki nne hadi sita kujijenga, na watu wanajaza samaki siku ya kwanza. Pima amonia na nitriti, vyote viwe sifuri. Furu wanapenda pH ya 7.5 hadi 8.5, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia ileile inavyokuwa sumu kali zaidi. Kipimo kikionyesha chochote, badilisha nusu ya maji leo na theluthi kesho, na punguza chakula.

Kisha klorini. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo pana wazi saa 24, yakipigwa hewa, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Klorini iliyounganishwa na amonia haiondoki kwa kukaa; hapo ni dawa tu.

Angalia pia chakula. Ugali na mkate havifai kabisa. Dagaa wakavu waliosagwa wanafaa kwa kidole kimoja cha unga, mara moja kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili. Mla ukijani wa Neochromis umpe zaidi majani, mchicha uliochemshwa kidogo kwa mfano. Nyama yenye mafuta inawaharibu tumbo.

Joto si shida kubwa kwetu. Furu wanakaa vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 27, na nyumba nyingi za Mwanza ziko hapo au karibu na hapo. Tangi lililo dirishani kwenye jua ndilo la kuogopa, kwa kuwa maji ya moto hayashiki hewa.

Dalili: jike hali, koo limevimba

Kama uvimbe uko chini ya taya, na mdomo unatafunatafuna bila chakula, hongera: amebeba mayai. Furu wetu hulelea mayai mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu, na siku hizo hali. Yale madoa kwenye pezi la dume ndiyo yanayofanya kazi hapa. Jike akishakusanya mayai yake mdomoni anayanyonya madoa hayo, na mbegu za dume zinayafikia mayai humohumo.

Usimguse wiki ya kwanza. Akisumbuliwa anayatema au kuyameza. Kuanzia wiki ya pili unaweza kumhamisha usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa bakuli badala ya wavu.

Kama uvimbe uko tumboni, magamba yamesimama, na choo ni cheupe kirefu kama uzi, huyo ni mgonjwa. Mtenge, acha kumlisha siku mbili, badilisha maji. Asipopata nafuu, mtafute mtaalamu. Magamba yakishasimama ni wachache wanaopona.

Lingine linahusu vitoto. Kama kwenye tangi kuna nyererei na pundamilia, hujui baba ni nani. Vitoto vya machotara vinakua vizuri, vinazaa, na vinapendeza, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu atavigawa kwa majirani kwa jina la nyererei. Kwangu hili ni jambo zito. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka. Tulichobaki nacho kinastahili kutunzwa kwa jina lake halisi. Aina zinazofanana usiziweke tangi moja.

Dalili: "furu" mmoja anakua haraka na wengine wanapungua

Huyo si furu. Tazama sehemu ya nyuma ya pezi la mgongo: doa jeusi la mviringo linaonyesha ni mtoto wa sato au wa jamii yake. Sato akikua kidogo utaona pia mistari ya wima kwenye mkia. Sato anafika nusu mita na zaidi, hakuna tangi la sebuleni litakalomtosha.

Pezi la mgongo likiwa limekatika karibu sehemu mbili, mkia wa duara, na macho yanayong'aa ukimmulika tochi usiku, umefuga sangara. Mtoe leo.

Furu wala samaki nao wapo. Hao wana mdomo mpana na taya ndefu, na wanafaa tu kukaa na wenye umbo lisiloingia mdomoni mwao.

Simama, ita mtu anayejua

Samaki watatu au zaidi wakifa ndani ya siku mbili na maji yamepimwa ni safi, usiendelee kubahatisha. Mwanza kuna kituo cha utafiti wa uvuvi cha TAFIRI na chuo cha uvuvi cha FETA kipo Nyegezi. Anzia kwa afisa uvuvi wa wilaya yako au daktari wa mifugo, ukiwa na picha na sampuli ya maji kwenye chupa safi.

Ukihisi mtetemo wa umeme ukigusa maji, toa mkono, zima swichi kuu, ita fundi umeme. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni. Kioo kikionyesha ufa hata mfupi, punguza maji nusu kwanza, maswali baadaye. Lita 200 ni zaidi ya kilo 200 ukijumlisha mawe, na meza ya kawaida haibebi uzito huo. Fundi seremala akutengenezee stendi.

Ukitumia maji ya ziwa, usiingie kuyachota kwa miguu mitupu. Kichocho kipo, na vimelea vyake vinapenya ngozi. Maji hayo yakae siku mbili kwenye pipa lisilo na konokono kabla hujatumbukiza mkono. Ukiwashwa ngozi au ukaona damu kwenye choo au mkojo, nenda kituo cha afya na useme umefanya kazi na maji ya ziwa.

Kuhusu kuvua furu kwa ajili ya tangi, muulize afisa uvuvi kabla hujaenda, kwa kuwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka vibali. Na samaki aliyekaa kwenye tangi lako harudishwi ziwani, awe mgonjwa, chotara, au mzima kabisa aliyekuzidi ukali. Mpe mfugaji mwingine, ukimweleza wazi unachokijua na usichokijua kuhusu aina yake.